Katoni ya Niania

Jumanne. Saa tisa alasiri. Bunia.

Chumba cha nyuma cha karakana ya Dominique kilinuka mbao mbichi na vanishi. Majeneza matatu yalisimama wima ukutani, yakingoja wenyewe. Mlango ulikuwa umefungwa. Mbele, randa ya umeme iliachwa ikinguruma bila kukata kitu, ili mpita njia asisikie la ndani.

Dominique aliweka simu juu ya meza. Watatu wakainama.

Picha ilijaza kioo. Katoni ndefu, nyembamba, ya urefu wa mtoto wa miaka sita. Skochi ya kahawia, utepe wa kubandikia, imeizunguka mara mbili kwa urefu, mara tatu kwa upana. FRAGILE, kwa kalamu nyekundu. NIANIA. Chini ya picha, maneno ya duka: *Imefungwa leo na Valérie. Kesho iko njiani. Asante wateja wetu wa mtandaoni.*

"Banajiuza benyewe," Dominique alisema. "Kila kolis, kila muzigo, banafunga, banapiga picha, banatuma kwa kiliya mwenye kununua, kisha banatia ku status. Batu bote banaona."

"Ndani mwake iko nini?" aliuliza Nicolas. Nicolas alikuwa mpandishaji wa mizigo kwenye jeep ya abiria, mtu wa vidole vinene na kicheko chepesi.

"Mashine ya kutafuta dhahabu. Ile ya kweli, si ile inalia mbele ya kila musumari. Bachimbaji ya Niania balijikusanya, balichanga mwaka muzima, bakaiagiza ku simu. Ng'ambo ya ziwa kuna mutu anaingojea."

Mpango ulikuwa mfupi. Dominique aliusema huku akisugua kipande cha mbao kwa msasa, kama anayezungumzia kabati la mteja. Kesho asubuhi jeep itaondoka Bunia, katoni ikiwa juu ya paa, chini ya turubai. Mchana itasimama Komanda ili abiria wale. Nicolas atapanda kushusha mizigo ya Komanda. Zacharie atakuwa pale na pikipiki yake na katoni nyingine inayofanana na hii. Moja ipande, moja ishuke. Kisha pikipiki irudi Bunia bila haraka, ivuke mji, ifike Bogoro. Kutoka Bogoro, gari la samaki mpaka ziwani.

"Jeep haitafika Niania mbele ya siku mbili," alisema. "Batafungua, batakuta matofali. Siye tuko tayari Uganda tunakula samaki."

"Na kama dereva anaona katoni si ile?" aliuliza Zacharie.

"Hawezi. Kwa sababu gani tuko na huyu?"

Wote wakamtazama Alliance.

Alikuwa amekaa juu ya rundo la mbao, karibu na majeneza, mikono juu ya magoti. Miaka mitatu alifunga kolis kwenye duka la Mama Hortense, meza moja na Valérie. Mama yake alipokufa kwenye kambi ya wakimbizi, mwaka uliopita, hakurudi dukani. Hakuna aliyemfukuza. Siku moja hakuamka kwenda, na iliyofuata pia. Dominique ndiye aliyetengeneza jeneza. Alilibeba mwenyewe begani mpaka kambini, hakutaja bei. Tangu siku hiyo Alliance alifanya aliloambiwa. Haikuwa woga. Kitu fulani ndani yake kilikuwa kimezimika, na njia zote zikawa sawa.

"Na Valérie?" aliuliza.

Msasa ukasimama.

"Valérie nini?"

"Jina yake iko chini ya picha."

"Njo muzuri. Bataona skochi haikuguswa, bataona muandiko ni yake. Nani mwengine aliingiza matofali? Batamubeba yeye. Wakati banamupiga maswali, siye tunavuka."

"Iko na mutoto ku mugongo, ya Domi," alisema Alliance, akimwita kama kaka mkubwa.

"Gereza inapokea na batoto," alisema Zacharie.

Nicolas alicheka. Dominique hakucheka. Alimtazama Alliance kwa upole, na upole huo ndio uliokuwa mzito zaidi.

"Petite, mudogo yangu. Nani alikuwa na weye ku matanga?"

"Ni weye."

"Basi funga."

Saa kumi na moja jioni.

Waliokuwa na kazi nyingine waliondoka. Alliance alibaki na katoni tupu, matofali mawili, blanketi kuukuu na gunia la maranda ya mbao.

Alifanya kama alivyofanya mamia ya mara. Aliimarisha chini kwa skochi mara mbili. Alifunga kila tofali kwa blanketi, akalifunga kamba, akaliweka katikati ili uzito usiegemee upande mmoja. Akajaza maranda kwenye pembe zote, akayabana kwa ngumi, akajaza tena. Mama Hortense hakukubali nafasi hata ya kidole. Alikuwa anainua kila kolis mpaka sikioni, anaitikisa, na akisikia chochote kinatembea ndani anaipasua kwa kisu mbele yako na kukurudishia.

Alliance aliitikisa. Kimya.

Aliandika FRAGILE kwa mwandiko wa Valérie, ile R yenye mguu mrefu. Aliandika NIANIA. Kisha akaizungusha skochi, mara mbili kwa urefu, mara tatu kwa upana, akitazama simu, akitazama katoni. Alipofika mwisho, kwenye pembe ya chini kulia, alikata kwa wembe, na kidole gumba chake kikakunja ncha ya skochi ndani, kipande cha upana wa ukucha.

Aliona alichofanya. Mkono ulikuwa umefanya peke yake.

Zamani, mwanamke mmoja wa Niania alituma sauti dukani akilia. Alikuwa amefungua kolis kwa kisu na kukata kitenge cha harusi kilichokuwa ndani. Tangu siku hiyo Alliance alikunja ncha ya kila skochi, ili mteja aivute kwa vidole, asihitaji kisu. Hakuna mwingine dukani aliyefanya hivyo. Valérie yeye hata mkasi hakutumia. Alikuwa anauma skochi kwa meno. "Weye ni panya?" Mama Hortense alimwambia kila siku, na kila siku Valérie alijibu, "Panya ya kazi, mama," na kuuma tena.

Kwenye picha, pembe ya chini kulia, alama za meno zilionekana. Ndogo, lakini zilionekana kwa anayejua pa kutazama.

Alliance alishika ncha aliyoikunja. Kukata kipande, kuuma mara moja, basi. Meno alikuwa nayo.

Alijua pia jambo lingine. Niania ilikuwa mbali, lakini Mambasa ilikuwa karibu, na Mambasa kolis zote za Mama Hortense hubadilisha gari. Wakala wa pale huzipokea moja moja na simu mkononi, akilinganisha kila moja na picha yake, pembe kwa pembe. Jeep ingefika Mambasa kesho hiyohiyo, kabla jua halijatua. Alasiri nzima hakuna aliyemuuliza kolis inapita wapi baada ya Komanda. Wao walijua barabara. Hawakuwahi kujua kazi.

Hatua nyuma yake. Dominique alikuja, akachuchumaa, akashika simu kando ya katoni. Alitazama maandishi. Alihesabu mizunguko ya skochi kwa kidole. Alisoma NIANIA hapa, akasoma NIANIA pale.

"Mapacha," alisema.

Alimgusa bega, akazima randa, akaenda kutafuta turubai.

Alliance alibaki na katoni. Aliitazama ncha iliyokunjwa kwa muda mrefu. Hakuamua lolote. Au kama aliamua, hakusikia chochote ndani yake kikisema. Aliondoa mkono tu.

Jumatano. Saa sita mchana. Komanda.

Malori yalijipanga pande zote mbili za njia panda. Vumbi, moshi wa mahindi, wauza petroli kwenye chupa. Zacharie alisimamisha pikipiki nyuma ya jeep. Alliance alikuwa nyuma yake, amekumbatia katoni iliyofunikwa turubai. Mwanamke na mzigo. Komanda ilijaa wanawake na mizigo.

Abiria waliingia kwenye malewa kula wali na maharage. Dereva, mtu mzima mwenye shati la buluu, aliwafuata. Nicolas alikuwa juu ya paa tayari, anafungua kamba.

"Leta," alisema bila kutazama chini.

Zacharie aliondoa turubai. Katoni ikapanda. Katoni ikashuka. Alliance aliipokea mikononi, na kabla hajaifunika, sauti ikaja kutoka mlango wa malewa.

"Nicolas. Nini ile unapandisha?"

Dereva alikuwa amerudi. Kwa kijiti cha meno, au kwa pilipili, au kwa vile tu watu hurudi.

Nicolas aliganda. Mbele yake ilikuwa katoni ya matofali. Ile ya kweli ilikuwa kifuani mwa Alliance, na turubai iko chini miguuni.

Alliance aliigeuza maandishi yaelekee tumbo lake. Taratibu. Moyo wake haukwenda mbio. Alitambua hilo kama mtu anavyotambua kwamba saa imesimama.

"Sipandishi, muzee," alisema Nicolas. "Napanga tu. Hii ya Niania ilikuwa inateleza."

"Nipe."

Nicolas aliishusha. Dereva aliipokea, akaigeuza, akaiinua mpaka sikioni. Akaitikisa mara moja. Akaitikisa tena, kwa nguvu.

Zacharie alikuwa ameweka mguu juu ya kikanyagio cha pikipiki.

"Inanyamaza," alisema dereva. "Yule mama anajua kufundisha batu bake. Batu bengine bananipa makopo ya kupigia ngoma." Alimrudishia Nicolas. "Funga muzuri. Kule mbele njia ni mubaya." Kisha akamgeukia Alliance. "Na weye, mama, unatuma wapi?"

"Situmi, papa. Napeleka kwetu."

"Nenda salama."

Waliondoka. Walipovuka malori ya mwisho Zacharie alianza kucheka, mabega yakitikisika.

"Umeona vile anakusifu? Angekupatia na kazi."

Alliance alikaza mikono juu ya turubai. Upepo ulimpiga usoni. Alijua ni upepo kwa sababu macho yalitoa machozi.

Saa nane na nusu. Bunia.

Njia ya Bogoro ilibidi ipite boulevard. Zacharie aliendesha polepole, kama walivyokubaliana. Turubai lilikuwa limefungwa vizuri. Polisi wa barabara aliwatazama akapiga miayo.

Duka la Mama Hortense lilikuwa wazi. Valérie alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni amelala, kichwa kimeanguka upande. Mkononi alishika katoni ndogo, na mdomoni kipande cha skochi. Aliuma, akabandika, akainua macho.

Alimwona Alliance. Mkono wake ukapanda, skochi bado imening'inia kwenye kidole.

"Alliance! Weye unapotea vile?"

Pikipiki ikapita. Alliance aligeuza shingo. Valérie alikuwa bado amepunga mkono, anacheka, anamtikisa mtoto kidogo ili asiamke. Alikuwa mtu aliyekwenda kambini siku ile ya mazishi, akaosha sufuria za watu wote, akaondoka bila kuaga ili asimsumbue mfiwa kwa maneno.

"Nani yule?" aliuliza Zacharie.

"Njo yeye. Valérie."

Zacharie alikata kona kwanza. "Hata si mubaya," alisema.

Saa kumi na nusu. Bogoro.

Nyumba ilikuwa ya matofali, haijaisha, bila madirisha, nyuma ya shamba la mihogo. Dominique alikuwa amefika mapema. Alitandika gunia chini, akaweka kando nyundo na misumari, kwa sababu kwa ziwa mashine ingesafiri ndani ya sanduku la mbao, kama vyuma vya kitanda.

"Fungua," alisema. "Pole pole. Nataka kuona kama kitu haikuvunjika."

Alliance alivuta skochi. Ilikuwa imekwama, kama kazi zote za Valérie. Aliichana kwa ukucha mpaka ikaachia. Ndani, kila kitu kilikaa mahali pake. Mpini. Betri, zimefungwa mbalimbali. Na ile sahani ya mviringo ya kusikilizia ardhi, kitu kinachovunjika upesi, ilikuwa imezungushiwa flaneli laini yenye bata wa manjano.

Alikijua kitambaa kile. Alikuwa amekinunua yeye, sokoni, siku mtoto wa Valérie alipozaliwa.

Duka lilikosa kitambaa, basi Valérie alikuwa ametoa kile cha kumfunikia mtoto mgongoni.

"Unangojea nini?" aliuliza Dominique.

Simu yake ililia. Si ya Dominique. Ya Alliance. Jina lilikuwa pale kwenye kioo: Mama Hortense.

"Zima."

Alliance alibonyeza kupokea. Sauti ikajaza nyumba isiyo na madirisha.

"Alliance." Mama Hortense alizungumza polepole, kama anayepita kwenye utelezi. "Kule Mambasa banafungua katoni yangu ya Niania. Banakuta matofali. Bashamukamata kijana ya mizigo. Bananitumia picha. Nimeona ncha ya skochi, mutoto yangu."

Zacharie, aliyekuwa mlangoni, alisimama wima.

"Police bako hapa mu duka," iliendelea sauti. "Banataka kubeba Valérie. Nabaambia, hii haiko mukono yake, yeye anauma. Banacheka. Banasema skochi haina mukono. Nimetia simu kwa sauti, bote banasikia. Sema weye."

Kwa mbali, ndani ya simu, mtoto alikuwa analia. Kilio cha mtoto aliyeamshwa.

Dominique alitikisa kichwa. Mara moja. Nyundo ilikuwa mkononi mwake. Labda hata hakujua ameiokota. Midomo yake ilitengeneza neno bila sauti: *petite*.

"Ni miye, mama," alisema Alliance. "Nilifunga ile ya matofali. Ile ya kweli iko mbele yangu, mu nyumba haina madirisha, Bogoro, nyuma ya mihogo. Valérie hajui kitu."

Mlangoni, pikipiki iliwaka. Zacharie hakugeuka, hakumwita mtu. Alipita katikati ya mihogo akivunja mashina, na sauti ikapungua kuelekea barabarani.

Dominique alisikiliza mpaka ikaisha. Alichukua simu kutoka mkononi mwa Alliance, akaizima, akaiweka chini kwa utaratibu.

"Ile ncha uliiona jana," alisema. "Nilikuwa nimechuchumaa kando yako, na uliiona."

"Ndiyo."

"Na Mambasa ulijua."

"Hamukuniuliza."

"Nilifanya sanduku ya mama yako."

"Ulifanya, ya Domi. Muzuri sana. Hata pembe ulizilainisha."

Alimpiga. Si kwa nyundo; kwa mgongo wa mkono ule mwingine, mara moja, bila hasira, kama anavyogonga msumari uliokwisha kuingia. Alliance alianguka kando ya katoni. Mdomo wake ulijaa damu.

Dominique aliitazama mashine. Ndefu, nyeusi, inang'aa. Mtu wa miguu mwenye kitu cha namna ile, kwenye nyasi tupu kati ya Bogoro na ziwa, angeonekana kutoka kilima chochote. Aliinama kuichukua, akaacha. Aliitupa nyundo. Akatoka kwa tundu la dirisha, na shati lake likaonekana kwa muda kati ya mihogo, kisha halikuonekana.

Alliance alikaa kitako. Damu ilidondoka kwenye gunia. Mdomo ulimuuma. Alikaa na maumivu hayo kidogo, akashangaa. Yalikuwa yake, yalikuwa hapo, na nyuma yake kulikuwa na mengine, mengi, yamepanga foleni tangu mwaka jana.

Alilia kwa muda. Kisha akajifuta kwa pindo la nguo yake, mikono isije ikachafua kitu.

Skochi ilibaki kidogo kwenye mfuko wake. Aliizungushia sahani flaneli yenye bata, akaigeuza mshono uwe ndani. Aliweka betri, kila moja upande wake. Aliweka mpini. Maranda hayakuwapo, basi alitoka nje akachuma majani makavu ya mihogo, akayakung'uta wadudu, akajaza pembe zote na kuzibana kwa ngumi. Wachimbaji wa Niania walikuwa bado wanangoja mali yao, na njia ya mbele ilikuwa mbaya. Dereva alisema.

Alifunga. Mara mbili kwa urefu, mara tatu kwa upana. Skochi ilitosha kwa shida. Mwishoni akaikunja ncha.

Gari la polisi lilisikika likipanda kilima, likibadilisha gia. Alliance aliinua katoni mpaka sikioni na kuitikisa.

Ilinyamaza. Akaiweka juu ya mapaja, akangoja.